Mnara wa maji unapoza kompyuta Dodoma lakini Tanga unagoma: tatizo sio pampu

"Shikamoo fundi. Naishi Tanga mjini, kazi yangu ni kuhariri video za harusi nyumbani. Kompyuta ikianza kurenda (kuikamilisha video iwe faili la mwisho) inakula kama wati 350, prosesa inafika nyuzi 95 alafu inaanza kupunguza kasi yenyewe. Binamu yangu yuko Dodoma akanitengenezea mfumo kama wa kwake: bomba la PVC la inchi 4 limesimama juu ya ndoo ya lita 20, pampu ya tangi la samaki inapandisha maji yanamwagika juu kupitia kichwa cha shawa, feni inapuliza kutokea chini, maji yaliyopoa yanaenda kwenye bloku ya prosesa (kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji) na kurudi. Kwake maji yanakaa nyuzi 23 mchana kweupe. Kwangu hayashuki chini ya 31, na nikifunga madirisha ili ubaridi usitoke yanapanda mpaka 34. Chumba ni mita 3 kwa 4. Fundi wa hapa kasema pampu ni ndogo ninunue kubwa, mwingine kasema nitie barafu. Mke wangu analalamika shuka zina unyevu na kabati limeanza kunuka ukungu. Mimi naogopa mipira ya maji ikitoa jasho itaniunguzia mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ninunue pampu? Au kwa Tanga hiki kitu hakiwezekani kabisa?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na hilo joto, fukuto la Tanga kuanzia Januari mpaka masika yaanze nalijua, sio la kusimuliwa. Nikujibu kwanza kwa kifupi alafu ndo tuingie ndani: pampu usinunue, barafu usitie, madirisha fungua leo hii hii, na mfumo wako haujaharibika hata kidogo. Namba ulizonitumia ni karibu zile zile ambazo ningepata nikikaa na kalamu na karatasi, yaani huo mnara wako, hilo bomba na ndoo yake, unafanya kazi kadiri hewa ya Tanga inavyouruhusu, na wa binamu yako unafanya kazi kadiri hewa ya Dodoma inavyouruhusu. Zile nyuzi 8 mnazopishana hazimo kwenye ndoo wala kwenye pampu, ziko hewani.

Tuanze na mtungi, maana huo mnara wenu ni mtungi uliowekewa feni. Mtungi wa udongo unakaa kwenye kivuli pale pembeni, maji yanapenya taratibu kwenye vitundu vya udongo mpaka yanatokeza nje, yanakauka, na huko kukauka ndo kunapoza maji yaliyobaki ndani. Mtu wa Dodoma au Singida atakwambia maji ya mtungi ni ya baridi kweli, mtu wa pwani atakwambia ni matamu, yana ubaridi wa wastani. Udongo ni ule ule na mfinyanzi anaweza akawa yule yule. Kinachotofautiana ni kiu ya hewa inayouzunguka mtungi.

Sasa kwa nini kukauka kunapoza. Maji hayawezi kugeuka mvuke bila kula joto, na yanakula joto jingi sana, watu wengi hawajui ni jingi kiasi gani. Gramu moja ya maji ikikauka inaondoka na jouli kama 2,430, wakati kuipasha gramu hiyo hiyo kwa nyuzi 1 kunataka jouli 4.2 tu. Ukiiweka kwa ndoo, lita moja ikikauka inabeba joto ambalo lingetosha kupasha karibu ndoo tatu za lita 20 kwa nyuzi 10. Ndo maana kitu kilichotengenezwa kwa bomba la choo na shawa ya zamani kinaweza kushindana na rejeta ya dukani, nguvu iko kwenye maji yenyewe. Kompyuta yako ya wati 350 inamwaga jouli 350 kila sekunde, ukigawanya utaona inabidi kama nusu lita ya maji ikauke kila saa ili joto lote hilo liondoke. Nusu lita kila saa, naomba uishike hiyo namba, tutairudia tukifika kwenye shuka za mke wako.

Hiyo nusu lita lazima iende mahali, na mahali penyewe ni hewa. Hewa ya nyuzi 31 ikishiba kabisa inabeba gramu kama 32 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, haiongezi tena. Mchana wa Tanga ukiwa na unyevu wa asilimia 75 maana yake hewa imeshabeba gramu 24, imebaki nafasi ya gramu 8. Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, hewa imebeba kama 11 na ina nafasi ya karibu 20. Joto mnalosikia nyinyi wawili linakaribiana lakini hewa ya binamu yako ina kiu zaidi ya mara mbili ya yako, basi maji yake yanakauka kwa haraka na yanashuka mbali kabla hayajagota.

Na yanagota kweli, hapo ndo watu wengi wanakosea, wanadhani ukiongeza upepo na maji ubaridi utaendelea kushuka tu. Kuna sakafu. Mafundi wa AC tunaiita wetibalbu, ni joto ambalo kipimajoto kinasoma ukikifunga kitambaa kibichi na kukipulizia upepo. Maji yanayopozwa kwa kukauka hayawezi kushuka chini ya hapo, hata uwe na pampu ya zimamoto. Kwa hewa yako ya nyuzi 31 na asilimia 75, sakafu iko kwenye nyuzi 27. Ya binamu yako iko kwenye 19 na kitu. Mnara wa kutengeneza nyumbani ukiwa umekaa vizuri unafika nyuzi 3 mpaka 5 juu ya sakafu, sasa jumlisha mwenyewe: 27 ongeza 4 ni 31, 19 na nusu ongeza 3 na nusu ni 23. Ndo namba mlizonipa. Nilipoziona nilifurahi kwa kweli, kwa sababu mtu aliyepima vizuri anasaidika kirahisi.

Hii sakafu unaweza kuipima mwenyewe bila kununua kitu cha ajabu. Chukua kipimajoto cha kawaida cha ukutani au cha dijitali chenye waya, ncha yake ifunge kipande cha pamba au kitambaa cha fulana ya zamani, kilowanishe kwa maji yenye joto la chumba sio ya friji, weka mbele ya feni, subiri dakika tano mpaka kumi mpaka namba itulie. Namba utakayoona ndo sakafu yako ya saa hiyo. Usiishie kuangalia asilimia ya unyevu kwenye simu, asilimia peke yake inadanganya na hapa naomba nikae kidogo.

Watu wa pwani wengi wanasema usiku unyevu ni mkubwa zaidi, unafika asilimia 90, kwa hiyo usiku mnara utafanya vibaya zaidi. Hapana, ni kinyume chake. Usiku hewa imepoa, mvuke ni karibu ule ule lakini hewa ya baridi inashiba kwa kidogo, ndo maana asilimia inapanda. Hewa ya nyuzi 25 yenye asilimia 90 sakafu yake ni kama nyuzi 24, wakati ile ya mchana yenye asilimia 75 sakafu ni 27. Asilimia imepanda lakini maji yako yatapoa nyuzi 3 zaidi. Kwa hiyo kama una video ndefu ya kurenda, iweke ianze saa nne usiku uende kulala chumba kingine, hata bila kubadilisha skrubu moja utaona tofauti. Na wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, utaona nafuu zaidi maana joto lenyewe linashuka.

Sasa madirisha. Hili ndo kosa pekee kubwa ulilofanya na silishangai, kila mtu aliyezoea AC anafunga madirisha. AC inatoa joto nje ya nyumba kupitia mabomba, ndo maana unafunga. Mnara wa maji hautoi kitu nje, unalichukua joto la kompyuta unaligeuza mvuke unaumwaga hapo hapo chumbani. Chumba chako cha mita 3 kwa 4, tuseme dari iko mita 2.7, ni mita za ujazo 32. Kila mita ina nafasi ya gramu 8, jumla ni kama gramu 260. Wewe unamwaga gramu 500 kila saa. Yaani kama chumba kingezibwa kabisa, nusu saa tu hewa imeshiba na haipokei tena, maji yanaacha kukauka, joto linarudi kwenye ndoo. Bahati nzuri nyumba zetu zina mianya juu ya milango na kwenye mbao za dari, ndo maana maji yako yaliishia 34 badala ya kuendelea kupanda. Na hizo gramu zote zinazokosa pa kwenda zinaingia kwenye shuka, kwenye godoro, kwenye nguo za kabatini na kwenye ukuta ulio nyuma ya kabati. Mke wako yuko sahihi kabisa na alikuwa na kipimo kizuri kuliko chako. Ukungu ukishaanza kunuka ndani ya kabati maana yake unyevu umekaa hapo kwa siku nyingi, na kama kuna mtoto mwenye pumu ndani ya nyumba hili linakuwa jambo la haraka kuliko kompyuta.

Na hapo hapo niseme, usije ukawasha mnara na AC kwenye chumba kimoja. Mvuke wote unaoumwaga AC italazimika kuugeuza maji tena na kuyatoa kwa ule mpira unaodondosha nje, na joto lile lile ulilodhani limeondoka AC inalibeba upya. Hujaokoa kitu, umelipia luku kwa kazi ya kuzunguka.

Kuhusu jasho kwenye mipira, hofu yako ni ya maana ila sio kwa mnara huu. Kitu kinatoa jasho pale kinapokuwa baridi kuliko kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo hewa ikifikishwa inaanza kuangusha maji, kama soda iliyotoka kwenye friji. Kwa hewa yako ya mchana kiwango cha umande ni nyuzi 26. Sakafu ya mnara ni 27. Hili sio bahati, siku zote sakafu ya kukauka iko juu ya kiwango cha umande cha hewa ile ile, au zinalingana hewa ikishiba kabisa, haiwezi kuwa chini. Kwa hiyo mnara unaotumia hewa ya chumba hicho hauwezi kufanya mipira itoe jasho ndani ya chumba hicho.

Barafu ndo itakutoa jasho. Ukitia barafu maji yanashuka mpaka 15 au 10, chini kabisa ya 26, na kila kinachoguswa na hayo maji kitalowana ndani ya dakika chache: mipira, bloku, na ile sehemu ya mazabodi iliyozunguka prosesa ambayo huioni bila kufungua. Maji yanatambaa chini ya bloku kimya kimya na siku unagundua ni siku haiwaki. Alafu hata hesabu yake haina faida. Kilo moja ya barafu, kuyeyuka kwake na kupanda mpaka nyuzi 30, inameza jouli kama 460,000. Gawanya kwa 350 unapata dakika 22. Video ya saa tatu itakula zaidi ya kilo nane za barafu. Kwa hiyo huyo aliyekushauri barafu hana nia mbaya lakini usimsikilize.

Pampu nayo. Pampu kubwa inafanya maji yazunguke haraka, inaweza kukusogeza karibu na sakafu kwa nyuzi moja hivi, zaidi ya hapo hakuna, na kama ni ile ya kuzamisha majini joto la mota yake yote linaingia kwenye ndoo. Pesa ya pampu ukiitumia kuongeza eneo la maji kukutana na hewa utapata zaidi: ndani ya bomba jaza vitu vya plastiki vinavyoyachanachana maji, hata vizibo vya chupa vilivyotobolewa matundu, ili maji yasidondoke moja kwa moja kama mvua bali yatambae. Makumbi ya nazi najua yatakujia akilini maana Tanga yamejaa, lakini yanatoa rangi na nyuzinyuzi, yataziba njia nyembamba za bloku, yaache. Kuna watu pia wanatia ile koolanti ya gari kwenye ndoo wakidhani inapoza. Kwenye rejeta ya gari mfumo umefungwa, kwenye ndoo iliyo wazi koolanti inafanya maji yakauke taratibu zaidi, na yenyewe ni sumu kwa mtoto au paka atakayekunywa.

Sasa hatari ambayo hukuiuliza na ndo ninayoiogopa zaidi kuliko jasho. Angalia chumvi ya mezani kwako, kwenye kichupa, inavyolowana na kugandana. Chumvi ya kawaida unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 inaanza kunyonya maji na kuyeyuka yenyewe, bila kumwagiwa kitu. Vumbi la pwani limebeba chumvi ya bahari, na vumbi hilo limekaa juu ya mazabodi yako, kwenye pini za RAM, ndani ya pawasaplai. Siku zote hewa ya Tanga iko karibu na mstari huo, kompyuta ikiwaka joto lake lenyewe linakausha kidogo inanusurika. Wewe ukiisukuma hewa ya chumba mpaka 85 au 90 na ukaizima kompyuta ukalala, lile vumbi linakuwa tope jembamba la maji ya chumvi juu ya shaba. Nimewahi kuitwa kwenye chumba cha seva hapa Dar, AC moja ilikufa na mtu akaweka zile feni za maji zinazouzwa kama mbadala wa AC, wakaona chumba kimepoa wakafurahi, baada ya miezi viunganishi vilikuwa na kutu ya kijani na seva zinajizima ovyo. Niliumia kwa sababu aliyefanya hivyo alikuwa anajaribu kuokoa mali ya watu kwa bajeti ndogo, hakuna aliyemwambia.

Na usifikiri ni sisi tu. Mwaka 2011 Facebook walifungua kituo chao cha data Prineville, jimbo la Oregon, Marekani, sehemu kavu, wakategemea kupoza kwa kunyunyiza maji hewani badala ya AC kubwa. Kiangazi hicho hicho mfumo wa kudhibiti ukakosea, hewa ya moto ikawa inazungushwa ndani badala ya kutolewa, na kwa kuwa ilikuwa na joto na kavu mfumo ukaendelea kuinyunyizia maji, unyevu ukapita asilimia 95, maji yakatanda juu ya seva, nyingine zikajiwasha upya na nyingine zikazima kwa sababu pawasaplai ziliharibika. Ukiangalia ni kosa lile lile la kufunga madirisha, hewa iliyoshiba ikarudishwa ndani. Walirekebisha na kupoza kwa njia hiyo kunaendelea mpaka leo kwenye sehemu kavu, ila hewa inaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine.

Maji yenyewe pia yanahitaji uangalizi. Yakikauka yanaondoka matupu, chumvi na chokaa zinabaki kwenye ndoo, kama ule weupe unaouona nje ya mtungi wa zamani. Ndoo ya lita 20 ukiijazia lita 4 kila siku, siku ya tano chumvi imekuwa maradufu, na kama ni maji ya kisima cha pwani tayari ulianza na chumvi nyingi. Usiwe unajazia tu, kila baada ya siku nne au tano mwaga yote, sugua, anza upya. Usiku mnara ukiwa umezimwa funika ndoo kwa chandarua au kitambaa, mbu anayeeneza homa ya dengi anapenda maji yaliyotulia ya aina hiyo hiyo, na Dar tumeiona dengi mwaka 2014 na tena 2019. Alafu kuna bakteria wa lejonela, anapenda maji ya vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, ndo joto la ndoo yako, na anaingia mwilini kwa kuvuta matone madogo yanayopeperushwa. Alijulikana baada ya mkutano wa wanajeshi wastaafu wa Marekani kwenye hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976, watu wakaugua nimonia na wengine wakafa. Sikutishi uvunje mnara, nakwambia usafishe ndoo na usilale chumba kimoja na bomba linalopuliza matone.

Basi ufanye nini. Ningekuwa mimi ningeanza na vitu visivyogusa maji kabisa. Fungua kompyuta pumulia vumbi, badilisha ile pesti inayopakwa juu ya prosesa kama ina zaidi ya miaka miwili mitatu, kwenye setingi punguza kiwango cha juu cha umeme wa prosesa na GPU (chipu ya picha) kwa kama asilimia 15 mpaka 20, kawaida kasi ya kurenda inapungua kidogo sana na joto linashuka vizuri, maana zile wati za mwisho ndo zinaleta joto jingi kwa kazi kidogo. Jaribu wiki moja. Inawezekana kabisa hapo tatizo likaisha, kumbuka prosesa nyingi za sasa zimetengenezwa kuvumilia mpaka 90 au 95, ukiiona inafanya kazi kwenye 80 haina shida yoyote, huna haja ya kuifukuzia namba ya Dodoma.

Kama bado, linganisha kwa haki mnara na rejeta ya kawaida yenye feni, mfumo uliofungwa. Kwenye chumba cha nyuzi 31 rejeta nzuri itakupa maji ya nyuzi 37 mpaka 39. Mnara wako unakupa 31. Faida yako Tanga ni nyuzi 6 mpaka 8 mchana, na unazilipia kwa kubeba maji lita 4 kwa siku ya kazi ya saa nane, kusugua ndoo, na unyevu. Binamu yako faida yake inafika 14, kwake mimi mwenyewe ningemwambia aendelee, ingawa naye ajue maji yake yanaisha haraka kuliko yako kwa sababu yakiwa ya baridi kuliko hewa yanavuta na joto la hewa yenyewe. Kwako wewe mimi naegemea rejeta, na dirisha liwe wazi na feni moja ya kutoa hewa ya moto nje. Haivutii kama mnara, lakini shuka zitakauka na mazabodi itaishi.

Lakini kama mnara unaupenda na unataka kuendelea nao, sitakuzuia, utoe nje. Usimame barazani au upande wa nyumba wenye kivuli na upepo, mipira ipite ukutani, na maji ya ndoo yasiingie kwenye kompyuta kabisa: tengeneza koili ya bomba la shaba, izamishe kwenye ndoo, ndani ya koili yazunguke maji safi yaliyofungwa yanayoenda kwenye bloku. Utapoteza nyuzi 2 mpaka 4 lakini chokaa, kutu na uchafu vinabaki kwenye ndoo. Usichanganye shaba na aluminiamu kwenye maji yale yale, aluminiamu italiwa.

Umeme sasa, hapa nakuomba sana. Ekstensheni isikae sakafuni karibu na ndoo, waya wa pampu uache ulegee chini ya soketi kwanza ndo upande, ili tone likifuata waya liangukie chini lisiingie kwenye plagi. Hakikisha soketi ina athi ya kweli, na kama bodi ya umeme haina breka ya kukata umeme unapovuja, mwite fundi umeme mwenye leseni aiweke kabla hujaendelea hata siku moja. Ukigusa kesi ya kompyuta au maji ya ndoo ukasikia kutetema, zima kwenye meini, usijaribu kuchunguza mwenyewe. Ukiona ukijani au utelezi kwenye mazabodi, chomoa, usiiwashe "kujaribu", mpelekee fundi wa elektroniki aioshe kwa spiriti na kuikausha. Na mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi cha kubana kifua wakati mnara unafanya kazi ndani, mpeleke hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba kuna kifaa kinachopuliza matone ya maji, maana asipojua hatafikiria lejonela.

Kwa ile feni na kipimajoto chenye kitambaa kibichi, pima sakafu yako saa nane mchana na saa nne usiku, siku mbili tatu mfululizo, chumbani na barazani. Niandikie hizo namba zote, na uniambie dirisha lako linatazama baharini au bara, tutajua kama mnara ukae baraza ipi au tununue rejeta.